Tandiko la punda lisilochubua mgongo: kuanzia kupima hadi safari ya kwanza

Mimi ni fundi viatu hapa Dodoma. Siku za mnada natandaza turubai langu Msalato, na siku hizi nusu ya kazi ninazopokea si viatu, ni matandiko ya punda. Ombi huwa lile lile: "Fundi, niongezee sponji, mnyama amechubuka tena." Naongeza, mtu analipa, anaondoka. Wiki tatu baadaye anarudi, na kidonda kimekuwa kipana kuliko mwanzo. Pesa hiyo nimeshaichoka.

Punda hachubuki kwa sababu tandiko ni jembamba. Anachubuka kwa sababu limekaa juu ya mfupa, au linatembea. Ukiliweka pabaya, hata godoro zima halitamsaidia. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, maana kila moja inategemea iliyotangulia. Anayeruka kipimo akaanzia kwenye kushona ndiye yule ninayemwona tena baada ya wiki tatu.

## Vifaa

Kusanya vyote kabla ya kuanza:

- Magunia mawili ya katani. Viroba vya plastiki achana navyo. Havinyonyi jasho, na nyuzi zake zikikatika zinachoma kama miiba.
- Blanketi kuukuu la pamba au sufu la kutandika chini.
- Majani makavu laini au nyuzi za katani za kujazia. Sponji haifai: ukiipakia mzigo inalala bapa kama chapati, halafu inahifadhi joto na jasho.
- Mikanda ya viti vya magari chakavu, kama mita nane. Gereji yoyote wanayo. Ni mipana, laini, haioti kutu. Mpira wa tairi unakata ngozi, na waya usiufikirie hata kidogo.
- Bizimu tano, pete za chuma nne, shazia (sindano nene ya kushonea magunia), uzi wa nailoni.
- Vipande vinne vya mti mkavu, kila kimoja kama sentimita 40, vilivyopigwa msasa, na boliti mbili.
- Futi ya fundi nguo, kipande cha mkaa, kamba.

## Hatua ya 1: Soma mwili kwa kiganja

Mfunge punda kivulini, kwenye ardhi iliyo sawa, akisimama kwa miguu yote minne. Anza shingoni, pitisha kiganja taratibu kuelekea mkiani. Macho yatakudanganya kwa sababu manyoya ya punda huficha mifupa. Kiganja hakidanganyiki.

Pale shingo inapoishia, farasi ana mwinuko wa mfupa unaoonekana kabisa. Punda wako mwinuko huo ni mdogo mno, na mgongo wake umenyooka kama benchi. Ndiyo sababu tandiko la punda halina pa kujishikiza, likateleza mbele akishuka mteremko na kurudi nyuma akipanda kilima. Shikilia jambo hili, tutalirudia kwenye mikanda.

Sasa tafuta bapa la bega. Ni mfupa mpana wa pembetatu pembeni, nyuma kidogo ya shingo. Mwambie mtu amwongoze punda hatua tatu huku kiganja chako kikiwa pale pale. Utasikia mfupa ukirudi nyuma kila mguu unapokwenda mbele. Pale unapofika mwisho wa kurudi, acha upana wa vidole vitatu, kisha chora mstari wa mkaa. Tandiko lisivuke mstari huo kwenda mbele.

Rudi mgongoni. Katikati kuna vidundu vya uti wa mgongo, vimefunikwa na ngozi tu, bila nyama. Hapo ndipo vidonda vingi huanzia, kwa hiyo hapo pasiguswe na kitu chochote. Pembeni, kulia na kushoto, kuna nyama iliyolala juu ya mbavu. Punda ana jozi 18 za mbavu, na hizo ndizo zinazobeba.

Fuata mbavu kuelekea nyuma mpaka uguse ya mwisho. Chora mstari wa pili. Nyuma ya hapo ni kiuno, pingili tano zisizo na ubavu wa kuzishika (farasi kwa kawaida ana sita). Vijana wetu wanapenda kukaa hapo wakimpanda punda, na wapo wanaofunga dumu hapo. Punda hatalalamika. Ataanza kutembea akiwa amejipinda, nawe utasema ni mvivu.

Umefaulu ukiona kila upande una eneo kama mstatili kati ya mistari miwili ya mkaa. Pima urefu wake. Kwa punda wengi ninaowapima ni sentimita 40 hadi 48. Andika namba hiyo.

## Hatua ya 2: Jua uzito wake kabla ya kumpa mzigo

Zungusha futi kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, pale mkanda wa tumbo unapokaa. Subiri atoe pumzi, ndipo usome. Kwa punda mkubwa asiye na mimba, makadirio ni haya:

- sentimita 105: karibu kilo 104
- sentimita 110: karibu kilo 117
- sentimita 115: karibu kilo 132
- sentimita 120: karibu kilo 148

Mzigo wa mgongoni, pamoja na tandiko lenyewe, usizidi theluthi ya uzito huo. Sasa piga hesabu. Punda wa kilo 132 anabeba kilo 44. Dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20, bado plastiki. Kwa hiyo madumu mawili na tandiko jepesi, basi, amefika. Wale wanaotoka korongoni na madumu manne wamempa punda zaidi ya nusu ya uzito wake, na kila safari tandiko linakandamiza nyama mpaka damu haipiti. Nyama isiyopata damu inakufa, ngozi inafuata. Hapo hakuna ushonaji utakaosaidia.

Mahindi pimeni kwa debe. Debe mbili, moja kila upande, zinatosha. Gunia la kilo 100 ni la mkokoteni. Mfuko wa saruji nao una kilo 50 na haugawanyiki, kwa hiyo usiupandishe mgongoni, hata kama mafundi wa nyumba wanasubiri na wanapiga simu kila dakika tano.

Umri nao uangalie mdomoni. Meno ya mbele ya utoto hubadilika kwa jozi: ya katikati akiwa na miaka miwili na nusu hivi, inayofuata kwenye mitatu na nusu, ya pembeni kwenye minne na nusu. Kama jozi ya pili ya kudumu bado haijakaa sawa, huyo hajafika miaka minne na mifupa yake bado inakua. Mwache. Jike mwenye mimba, ambayo huchukua karibu miezi 12, apumzike miezi mitatu ya mwisho.

## Hatua ya 3: Shona mito miwili, si mmoja

Kosa la kwanza ninaloliona mnadani ni hili: gunia moja limejazwa majani, limelazwa mgongoni kama mto wa kulalia, na mzigo umefungwa juu yake. Mzigo unalivuta chini katikati, na katikati ndipo uti wa mgongo ulipo.

Tunashona mito miwili, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, na katikati tunaacha mfereji.

Kata gunia la katani vipande vinne, urefu ule ulioandika, upana sentimita 25. Shona viwili viwili kwa shazia, acha mdomo upande mmoja. Jaza majani kidogo kidogo, ukiyashindilia kwa kijiti kuanzia pembeni kwenda katikati. Mto ukikamilika uwe na unene wa vidole vinne, na ukiubonyeza kwa ngumi usifike chini. Pitisha kiganja juu yake. Ukisikia donge hata la ukubwa wa punje ya karanga, fumua urudie. Donge hilo wewe unalisikia kwa sekunde moja, punda atalisikia kutoka kisimani mpaka nyumbani.

Unganisha mito kwa vipande vitatu vya mkanda vinavyopita juu, mbele, katikati na nyuma. Mfereji kati ya mito uwe na upana wa vidole vinne.

Juu yake panda miti. Chukua vipande viwili, vipishane juu kama herufi X, piga boliti pale vinapopishana. Tengeneza X ya pili. Moja ikae mbele, moja nyuma, miguu ya kila X ikishonewa juu ya mito, nje ya mfereji. Makutano ya X yasiuguse uti wa mgongo hata mzigo ukiwa juu. Pembe za X zinazobaki juu ndizo utakazoning'iniza mzigo.

Wenye shogi, ile mifuko miwili ya ukili inayotumika pwani, wanaweza kuilaza juu ya tandiko hili bila shida. Shogi peke yake, bila mito, inalala juu ya mfupa vile vile.

Umefaulu ukiona tandiko likiwa juu ya punda bila mzigo, ukiinama nyuma ya mkia, unaona mwanga ukipita kwenye mfereji kutoka mbele hadi nyuma. Usipouona mwanga, rudi kwenye miti.

## Hatua ya 4: Kuvalisha

Mswaki kwanza. Tumia ufagio mfupi wa nyasi au gunzi la mahindi, ukifuata manyoya yanakolala. Vumbi la huku kwetu wakati wa kiangazi linaingia ndani ya manyoya, na likichanganyika na jasho linakuwa msasa. Wengi wanairuka hatua hii kwa sababu haionekani kama kazi.

Tandika blanketi mbele kidogo ya mstari wa bega, kisha livute nyuma mpaka mahali pake. Ukilivuta nyuma manyoya yanalala. Ukilisukuma mbele yanasimama na kujikunja chini ya mzigo. Weka tandiko juu, halafu inua blanketi kidogo katikati liingie kwenye mfereji, lisibanwe juu ya uti.

Sasa mikanda, ni mitatu.

Mkanda wa tumbo upite upana wa kiganja kimoja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Ukiusogeza karibu zaidi unachubua kwapa. Kaza mpaka vidole viwili bapa vipite kwa shida kidogo. Punda wengi hujaza pumzi wakiona mkanda, kwa hiyo mtembeze dakika kumi ukaze tena.

Mkanda wa kifua unalizuia tandiko lisirudi nyuma akipanda. Upite juu ya ncha ya bega, ule mfupa unaojitokeza mbele, lakini chini ya koo. Ukiwa juu sana unamkaba, ukiwa chini unafunga miguu.

Mkanda wa nyuma unalizuia lisiende mbele akishuka. Huu ndio unaosahaulika kuliko yote, na ndio unaoliponya bega. Uzungushe mapaja, shibiri moja chini ya mfupa wa tako, na upite mkono kati yake na ngozi akiwa amesimama. Utashikiliwa na kamba nyepesi inayopita juu ya kiuno, isiyobeba chochote. Kamba ya kupita chini ya mkia naikataa. Ngozi ya pale ni laini kama ya ndani ya shavu, na kidonda chake nzi hawakiachi.

## Hatua ya 5: Kupakia

Watu wawili, mmoja kila upande, wanyanyue pamoja. Ukipakia dumu moja kwanza, tandiko linazunguka, na ile dakika moja ya kusubiri dumu la pili inatosha kuusogeza mto mmoja juu ya uti.

Uko peke yako? Weka nguzo fupi yenye panda, isimamie dumu la kwanza mpaka la pili lifike.

Pande zilingane. Dumu lililojaa na dumu la robo tatu ni tofauti ya kilo tano, na kilo tano zinamvuta punda upande mmoja njia nzima. Kama maji hayatoshi, gawanya nusu kwa nusu na ufunge mifuniko vizuri, maana maji yanayochezacheza yanatikisa tandiko kila hatua.

## Hatua ya 6: Safari ya kwanza na kusoma jasho

Safari ya kwanza iwe fupi, kama nusu saa, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mkirudi, shusha mzigo, legeza mkanda, ngoja kidogo, kisha ondoa tandiko na blanketi kwa pamoja, ukinyanyua juu bila kuburuta.

Usimsafishe bado. Angalia jasho.

Tandiko zuri linaacha alama mbili za unyevu, kulia na kushoto, zinazolingana, na katikati mstari mkavu ulionyooka. Kama ndani ya unyevu kuna doa kavu la ukubwa wa sarafu au kiganja, usifurahi. Hapo ndipo palipobanwa zaidi, mpaka jasho limeshindwa kutoka. Punguza majani kwenye sehemu hiyo ya mto. Mkulima mmoja alinionyesha doa la namna hiyo kwa fahari, akasema tandiko langu halimpi punda joto. Siku nne baadaye ngozi ya pale ilikuwa imevimba.

Kama uti wenyewe umelowa na manyoya yamevurugika, tandiko lilishuka. Kama unyevu wa upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, mzigo haukulingana.

Rudi kumshika baada ya saa moja. Uvimbe, joto, au punda kukunja mgongo ukimgusa ni kidonda cha kesho. Mpumzishe mpaka pawe kawaida.

## Mkokoteni ni habari nyingine

Punda anayevuta anaweza zaidi ya anayebeba, kwa sababu magurudumu yanabeba na yeye anasukuma kwa kifua. Lakini huku kwetu wengi wanachukua nira ya ng'ombe, wanailaza shingoni kwa punda wawili, na kazi inaanza. Nira ilitengenezwa kwa mnyama mwenye nundu na shingo nene. Shingo ya punda ni nyembamba na haina nundu. Nira inamgonga kwenye mfupa kila gurudumu likiingia shimoni.

Mvalishe mkanda wa kifua wenye upana wa sentimita 8 hadi 10, umeshonewa blanketi kwa ndani, kwenye kimo kile kile cha Hatua ya 4. Kutoka hapo, kamba mbili ziende nyuma mpaka kwenye kijiti kilichofungwa mbele ya mkokoteni kwa boliti moja ya katikati, kiweze kuyumba. Punda anasukuma bega hili, halafu lile, kijiti kinafuata. Kamba zikifungwa moja kwa moja kwenye chuma, mkanda unamsugua kifua kama msumeno.

Miti miwili ya mkokoteni ishikiliwe na tandiko dogo lenye mito miwili na mfereji, kama tulivyoshona. Kabla hujamfunga, pakia mzigo, kisha nyanyua miti kwa mkono mmoja. Ikiwa mizito, sogeza mzigo nyuma. Ikiwa inaruka juu yenyewe, sogeza mbele, la sivyo mkanda wa tumbo utamnyonga.

## Kichwani

Hatamu ya mkanda laini inatosha. Sehemu inayopita puani ikae juu ya mfupa mgumu, vidole viwili chini ya mfupa wa shavu. Ukishuka zaidi mfupa unaisha, unakaba pua. Lijamu la chuma mdomoni halihitajiki kwa punda wa kubeba maji, na la waya linakata ulimi. Usimvute masikio kumvalisha, atakumbuka.

## "Fundi, nimepata tandiko la farasi, litafaa?"

Naulizwa hili kila mwezi na watu walioona video. Tandiko la farasi lina kiunzi kilichopindwa kufuata ule mwinuko wa mwisho wa shingo. Kwa punda linagusa mbele na nyuma tu, katikati linaelea, na vikuku, vile vya kukanyagia miguu, vinavuta mikanda kwenye mbavu. Farasi mmoja anaweza kuwa na kilo 450. Punda wako ana 130. Mtu mzima wa kilo 65 ni nusu yake. Mtoto wa darasa la tatu, juu ya mito miwili na blanketi, mbele ya ubavu wa mwisho, sawa. Baba yake atembee.

## Kidonda kikiwa kimeshatoka

Hakuna tandiko la kumvalisha punda mwenye kidonda wazi, hata nililoshona mimi. Pumzika kabisa.

Chemsha maji, yapoe, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, osha mara mbili kwa siku. Oili chafu, majivu na maji ya betri nimeviona vyote vikipakwa. Vyote vinaua nyama iliyobaki. Mwite daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata mapema kama kuna usaha, harufu au mfupa unaonekana, na umuulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Ugonjwa huo haukupewa jina la mnyama huyu bure: punda na farasi huupata kirahisi mno, na mdudu wake anaishi kwenye udongo na kinyesi.

Nywele zikirudi nyeupe mahali palipopona, ndiyo alama ya kudumu ya pale palipobanwa. Kabla ya kununua punda mnadani, tafuta hizo nywele. Zitakuonyesha tandiko la mwenye nazo lilivyokuwa, na pa kuachia nafasi kwenye mto wako.

Na ukija kwa fundi, kwangu au kwa mwingine, njoo na punda mwenyewe. Tandiko peke yake siwezi kulipima.